Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Kwa wazazi na walezi wetu,

Hamjambo? Tunafunga shule Ijumaa saa sita mchana. Ripoti ni za kuchukuliwa na mzazi mwenyewe, si kaka wala dereva wa boda.

Gredi ya Tano wametuheshimisha. Mwezi uliopita waliingia Arboretamu, bustani ya miti ya Nairobi, asubuhi na mapema, umande ukiwa bado majanini. Mnaijua bustani ile. Ilianzishwa mwaka wa 1907 kujaribu miti ya kuni za garimoshi, na leo ndege na wadudu wamejaa humo. Watoto waliketi kimya dakika 20, kila mmoja na daftari lake. Waliandika kwarara wakichokora udongo kwa midomo mirefu, ndege chozi kwenye maua, kerengende kando ya mto na msafara wa siafu uliokata njia. Binti mmoja alitambaliwa mkononi na Nairobi flai, yule mwekundu na mweusi anayetusumbua msimu wa mvua. Wenzake wakapiga kelele amponde. Yeye akampuliza polepole hadi akaondoka, kisha akaandika: "Haumi. Ukimponda ndipo sumu yake inakuunguza." Ni kweli kabisa, na si nzi bali ni jamii ya mbawakawa. Daftari hilo nimemwonyesha kila mwalimu.

Sare: soksi ni za kijivu.

Sasa la manati. Siku hiyohiyo mvulana mmoja alitoa manati mfukoni akampiga mnana aliyekuwa akisuka kiota. Ndege alianguka mbele ya watoto waliokuwa wakimwandika, jani bado mdomoni. Wawili walilia njia nzima hadi shuleni. Nilimpigia mzazi simu, nikajibiwa, "Mwalimu, si ni ndege tu?" Jibu hilo limenikaa moyoni hadi leo. Watoto hutusikia tunavyosema mezani. Manati hiyo ilitoka nyumbani, ikapita mlangoni mbele ya mtu mzima. Kuanzia muhula ujao walimu watakagua mifuko kabla ya kila safari, na atakayepatikana na manati atabaki shuleni. Mzazi huyo bado namsubiri ofisini. Vilevile, msiwafungie watoto krispi za kuwapa tumbili. Tumbili aliyezoea kulishwa hunyang'anya, na mtoto wa Gredi ya Kwanza hana nguvu za kushindana naye.

Pesa za chakula. Nimewaandikia mara tatu. Wapo waliolipa kidogo kidogo kila wiki, nawashukuru sana. Wapo wasiopokea simu kabisa, na watoto wao wamekula maharagwe yaliyolipiwa na wenzao muhula mzima. Aliyekwama aje tuzungumze, mlango wangu uko wazi; sijawahi kumfukuza mtoto kwa sababu ya sahani. Lakini kunyamaza sikubali. Kabla ya kufungua, kila deni liwe limelipwa au limewekewa mpango wa maandishi.

Watoto wa Gredi ya Nne ni zamu yao kwenda Arboretamu muhula wa pili. Wanunulieni daftari dogo na penseli.

Wenu,
Mwalimu Mkuu