Kabla Hujalipia Safari ya Ziwa Nakuru

Swali linaloingia kwenye simu yetu hapa Malindi kuliko jingine lolote ni hili: "Flamingo wako Nakuru sasa hivi?" Anayeuliza huwa ameshaona picha, ziwa limekuwa waridi toka ukingo huu hadi ule. Picha ni ya kweli. Tatizo ni umri wake. Yule kijana wa ufukweni anayekufungulia albamu ya picha na kukutajia bei ya safari hakudanganyi kuhusu ziwa, anakudanganya kuhusu mwaka.

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Njoro, Makalia na Nderit huingiza maji, na njia kubwa ya maji hayo kuondoka ni jua kuyakausha. Ndiyo maana likawa ziwa la magadi. Katika magadi hayo humea mwani mdogo sana, ule unaojulikana kama spirulina, na huo ndio chakula cha flamingo mdogo. Sasa, tangu mwaka 2010 hivi, maji yamekuwa yakipanda. Ziwa lililokuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 40 likapita 60. Lango kuu la zamani likafikiwa na maji, barabara za kando zikazama, na migunga ya manjano iliyokuwa fahari ya ukingo ule ikafa imesimama. Maji mengi yalizimua magadi, mwani ukapungua, na flamingo wengi wakaenda kutafuta riziki kwingine, hasa Ziwa Bogoria.

Hawakwisha, walihama. Flamingo mdogo ndivyo alivyo: huzalia Ziwa Natron upande wa Tanzania, kisha huzunguka maziwa ya Bonde la Ufa akifuata chakula. Mwezi huu wanaweza kuwa wachache Nakuru, mwezi ujao wakawa kundi la kutosha picha. Kwa hiyo sisi hatumwahidi mtu flamingo wa Nakuru, na ukiona mtu anakuahidi kwa maandishi miezi mitatu kabla, muulize amezungumza na nani huko ziwani. Tunachofanya ni kumpigia mwongozaji aliyeko kule siku chache kabla hamjaondoka, na kukwambia alichotuambia, kiwe kizuri ama kibaya.

Kama shida yako ni flamingo pekee, basi tunakushauri usitulipe pesa ya Nakuru. Tutakupangia Bogoria, mwendo wa saa mbili hivi kaskazini mwa Nakuru, ambako kuna chemchemi za maji ya moto yanayoruka kutoka ardhini. Bogoria ni hifadhi ya kaunti ya Baringo, na haina wingi wa wanyama wa Nakuru. Ukifika kule na watoto waliotarajia simba, utasikia lawama njia nzima.

Nakuru yenyewe sasa inafaa nini? Inafaa sana, ila kwa mengine. Ilianza kama hifadhi ya ndege mwaka 1961, ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza, pamoja na Elmenteita na Bogoria, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 188, imezungushiwa ua, na ndani yake kuna vifaru weusi na weupe pamoja. Mgeni ambaye hajawahi kumwona kifaru, Nakuru ndipo mahali pa kumpeleka. Kuna twiga wa Rothschild, ambao waliletwa kuhifadhiwa pale na ambao miguu yao chini ya magoti ni myeupe kama wamevaa soksi. Kuna nyati wengi, simba, na chui kwa mwenye bahati na subira. Ndovu hakuna. Tunalisema hili mapema kwa sababu wateja wetu wengi wametoka Tsavo Mashariki, wamezoea ndovu wekundu wa vumbi, na humaliza siku nzima wakiuliza wako wapi. Ukitaka ndovu, lango la Sala liko karibu zaidi na Malindi kuliko Nakuru itakavyokuwa maishani.

Ndege ndio utajiri wenyewe. Zaidi ya aina 400 zimeorodheshwa pale. Mwari, wale weupe wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, wana kisa chao. Zamani ziwa halikuwa na samaki wa kuwashibisha. Kisha, kwenye miaka ya 1960 hivi, wakaletwa tilapia wadogo wa Ziwa Magadi, wanaostahimili magadi, ili wawe wakila viluwiluwi vya mbu. Samaki wakazaana, mwari wakagundua. Mpaka leo mwari huzalia kwenye visiwa vya mawe vya Elmenteita na huruka kuja kula Nakuru. Ukikaa ukingoni asubuhi utawaona wakivua kwa pamoja, wamepanga nusu duara, vichwa vinazama na kuinuka kwa mpigo mmoja. Mimi binafsi ningemwacha simba aliyelala nikaangalie hilo. Ongeza mnandi waliotanda mabawa juu ya miti iliyokufa, kwazi anayelia, mdiria, na domomwiko anayefagia maji kushoto na kulia. Ile miti mikavu inayowahuzunisha watu ndiyo imewapa ndege kituo.

Sasa wakati. Sisi watu wa pwani tuna kalenda yetu, na kwa ndege inafaa kuliko ya ukutani. Kaskazi ikianza kuvuma, ndege wa ng'ambo wamekwisha kuingia: bata wa Ulaya, vitwitwi wa kila aina, mbayuwayu, tai wa nyika za Asia. Hukaa kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi na mwanzo wa Aprili, kisha hurudi kwao kuzaliana. Mwenye kutaka orodha ndefu aje katika kipindi hicho, na Januari na Februari ndiyo miezi yenye njia kavu zaidi. Masika ikipiga, Aprili na Mei, barabara za udongo ndani ya mbuga huwa utelezi, lakini nyasi ni mbichi, wageni ni wachache na hoteli hushusha bei. Kwera na wenzao huvaa manyoya yao ya rangi kali wakati wa mvua. Hakuna msimu mbaya, kuna msimu usiolingana na ulichokifuata.

Kuhusu siku, hapa ndipo tunapovutana na wateja kila mara. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, Mombasa hadi Nairobi takriban 480, Nairobi hadi Nakuru kama 160. Mtu anatuomba "usiku mmoja tu, turudi Jumapili". Inawezekana, kama vile inavyowezekana kula pilau ya harusi kwa dakika tano. Malango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na ndege hawangojei mtu amalize chai. Saa tatu za kwanza za siku ndizo zenye kila kitu. Ukilala usiku mmoja unapata asubuhi moja, na ikinyesha asubuhi hiyo, safari yako imekwisha. Kwa hiyo pendekezo letu la chini kabisa ni kulala Nakuru usiku mbili. Ukiwa na nafasi ya usiku nne, tunakuongezea Baringo, ziwa la maji baridi, ambako unapanda boti na kuona viboko, mamba na korongo wakubwa kwa karibu.

Njia ya kufika? Ndege ya Malindi hadi Nairobi inakuokolea siku nzima, ila uzito wa mizigo una mpaka, na mwenye kamera kubwa apime begi nyumbani. Wengine hupendelea treni ya SGR kutoka Mombasa. Ni nafuu na watoto huipenda, lakini likizo za shule na Desemba tiketi huisha mapema sana. Hatupendekezi kuendesha gari njia nzima kutoka hapa, isipokuwa unapitia Tsavo na kulala njiani.

Halafu baridi! Nakuru iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Malindi anayelala na feni mwaka mzima hufika kule na fulana moja, alfajiri paa la gari limefunguliwa, meno yanagongana. Beba sweta, koti la upepo, kofia ya masikio kwa wazee na watoto. Buibui la kitambaa chepesi halitoshi, vaa kitu cha joto ndani. Mchana jua litakuwa kali, mtavua.

Darubini ni kifaa kinachonunuliwa vibaya. Wauzaji husifia zinazokuza mara 20. Mkono wa binadamu hautulii, ukikuza sana kila kitu hutetemeka. Ile iliyoandikwa 8x42 inatosha: 8 ni mara inavyokuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ndiyo inayoleta mwanga alfajiri. Tunazo za kukodisha, lakini usiishike kwa mara ya kwanza ndani ya mbuga. Kila anayesafiri nasi kwa ajili ya ndege tunamtoa asubuhi moja hapa hapa nyumbani, imo ndani ya bei.

Asubuhi hiyo huwa ama mdomo wa Mto Sabaki, ama hori ya Mida, karibu na Watamu. Sabaki iko jirani kaskazini mwa mji, pale mto unaotoka Tsavo kwa jina la Galana unapomwaga tope lake baharini. Flamingo hutua pale pia, baadhi ya nyakati. Na wakati wa kusi, ndege wa ng'ambo wa upande wa pili wanapokuja, kuna wale wa rangi ya udongo wanaoruka kama mbayuwayu, wanaotoka Madagaska na kukusanyika Sabaki kwa kundi kubwa. Mida ni habari ya maji: ukienda maji yamekupwa, ndege wako mbali kwenye matope, vidoa tu. Ukienda yanapojaa, maji yanawasogeza mpaka karibu na kibanda cha kuchungulia, mwisho wa daraja la kuning'inia lililopita katikati ya mikoko. Ndiyo maana tunakuuliza tarehe na kuangalia bamvua kabla ya kukupa saa. Kuna waliokwenda Sabaki nasi wakaridhika, wakaahirisha Nakuru. Biashara tumepoteza, lakini wamerudi mwaka uliofuata.

Gari linahusika. Vani yenye paa linaloinuka hubeba sita au saba, na gharama ikigawanywa inakuwa nyepesi. Kwa watazamaji wa ndege sisi hupakia wanne, kila mtu na dirisha lake, kwa sababu ndege akiwa kushoto na watu saba wakakimbilia kushoto, gari linatikisika na hakuna anayeona. Usichanganye kundi pia. Mtu anayetaka kukaa nusu saa na mdiria mmoja hawezi kupatana na anayetaka chui.

Ada ya kuingia hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni; fedha taslimu hazipokelewi langoni. Raia na mkazi hulipa chini ya mgeni, lakini lazima kitambulisho kionekane. Bei za ada hubadilika, kwa hiyo tunakutumia ile ya siku ya malipo, kando na gharama yetu, ili ujue kipi chetu na kipi cha serikali. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 2020. Tuna chupa za chuma na mtungi wa maji ndani ya gari. Kushuka garini ni pale tu paliporuhusiwa, kama Baboon Cliff, genge linalotazama ziwa. Panda huko alasiri, si asubuhi: genge liko upande wa magharibi, jua linakuwa mgongoni mwako na ziwa lote linaonekana. Shika chakula chako vizuri, nyani wa pale hawana haya.

Dereva wetu hatawarushia ndege mawe wala kupiga honi ili waruke kwa ajili ya video. Tumeombwa, na jibu ni lile lile.

Ukituandikia WhatsApp, tuambie mwezi, idadi yenu na umri wa mdogo na mkubwa, mnyama au ndege mmoja ambaye hutakubali kurudi bila kumwona, na kama kuna mtu asiyeweza kupanda gari la juu. Taja chakula pia, hoteli za kule si zote zenye nyama ya halali, tunaulizia kabla. Tunajibu siku hiyo hiyo, isipokuwa Ijumaa adhuhuri, ofisi hufungwa mpaka saa nane na nusu.