Waranti ya nyongeza ya laptopu: tuulize kwanza itatengenezewa wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie waranti ya nyongeza ambayo wauzaji wa laptopu hutushawishi tuilipie, wakati fedha ya kifaa chenyewe tumeipata kwa tabu. Wazazi wengi wa Unguja na Pemba hukutana nayo pale kijana anapojiunga na chuo. Nionavyo mimi, kwa mnunuzi wa kawaida wa visiwani, na hasa sisi wa Pemba, fedha hiyo mara nyingi hupotea bure.

Laptopu mpya kwa kawaida huja na waranti ya mtengenezaji ya mwaka mmoja, na baadhi ya zile zilizoundwa kwa matumizi ya ofisi huja na miaka 3. Waranti hiyo inahusu kasoro za kiwandani, na kasoro za aina hiyo, zikiwapo, aghalabu hujitokeza katika miezi ya mwanzo, yaani ndani ya muda ambao mnunuzi ameshaulipia kwenye bei. Katika mwaka wa pili na wa tatu laptopu zetu hufa kwa mambo mengine: umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ukaunguza chaja na bodi, hewa ya chumvi na unyevu wa masika, chai iliyomwagikia kibodi, mtoto aliyevuta waya kifaa kikaanguka. Ukiyasoma masharti utayakuta karibu yote hayo katika orodha ya mambo yasiyohusika, kwa kuwa kinga ya ajali huuzwa peke yake na kwa bei yake. Betri nayo, ambayo katika laptopu nyingi huanza kuchoka baada ya kuchajiwa kati ya mara 300 na 500, mara nyingi hupewa mwaka mmoja tu hata pale kifaa chenyewe kinapopewa mitatu.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alinunuliwa laptopu mjini Unguja pamoja na waranti ya nyongeza, na katika mwaka wa pili ikaacha kupokea chaji. Duka lilimwambia aipeleke mwenyewe kituo cha huduma Dar es Salaam, kwa nauli yake, boti kwenda na boti kurudi. Huko waliifungua, wakaona kutu ya kijani pembeni ya tundu la chaji, wakaandika kuwa ni athari ya unyevu na kwamba haimo katika waranti. Aliporudi, fundi mmoja wa Chake Chake aling'oa tundu lile, akasafisha bodi kwa spiriti na brashi laini, akalehemu jipya, na laptopu inafanya kazi mpaka leo. Gharama ya fundi ilikuwa ndogo kuliko nauli, na hapo sijahesabu wiki ambazo binti yule alikaa bila ya kifaa huku mitihani ikikaribia.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalitambui, nalo ni tofauti baina ya waranti ya mtengenezaji na waranti ya duka. Ya mtengenezaji imesajiliwa kwa namba ya utambulisho ya kifaa (serial number), ambayo kwa kawaida huandikwa chini ya laptopu, na mtu yeyote anaweza kuiingiza katika tovuti ya kampuni kama HP, Dell au Lenovo akaona waranti inaisha lini. Ya duka ni ahadi ya mwenye duka, nayo ina nguvu maadamu duka lipo na risiti ipo. Nawasihi wanunuzi waikague namba hiyo pale pale dukani kabla ya kutoa fedha, kwa sababu mara nyingine muda huhesabiwa tangu kifaa kilipotoka kwa mtengenezaji, na laptopu iliyokaa ghalani miezi mingi inaweza kuonyesha kwamba sehemu ya mwaka wake imeshakwenda. Tena zipo waranti zinazotumika katika nchi ya mauzo tu, na laptopu nyingi tunazouziwa zimepitia Dubai.

Msaada wa mtengenezaji ulio na faida kubwa kwetu, kwa maoni yangu, ni ule usiolipiwa. Kampuni hizo tatu hutoa bure katika intaneti miongozo ya ufundi inayoonyesha skrubu kwa skrubu namna ya kuifungua laptopu, pamoja na programu za kusasisha mashine. Fundi aliyepo Wete akiwa na mwongozo huo na spea inayopatikana Darajani au Kariakoo, ana uwezo wa kutusaidia kuliko karatasi ya waranti. Kwa hiyo mzazi akiniuliza, humwambia achague modeli ambayo mafundi wameizoea, anunue stabilaiza nzuri, na fedha ya waranti ya nyongeza aiweke akiba kwa ajili ya betri na chaja.

Skuli na ofisi zinazonunua laptopu nyingi kwa pamoja zina hali tofauti, kwani zinaweza kudai katika mkataba kwamba fundi aje mpaka kwenye jengo lao. Hapo waranti ya miaka 3 ina maana, ila mkataba uitaje Pemba kwa jina, maana huduma ya fundi kufika mara nyingi hutegemea umbali kutoka kituo chake.

Naiomba Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar iwatake wauzaji waandike kwa Kiswahili, kwenye risiti, mambo manne: waranti ni ya nani, inaisha tarehe gani, haihusu nini, na matengenezo yatafanyika wapi na kwa nauli ya nani. Wauzaji waungwana hawatapungukiwa na kitu kwa kuyaandika hayo, na wapo ambao tayari huyaeleza kwa mdomo wakiulizwa.

Mzazi na mwalimu wa sekondari,
Wete, Pemba