Sultani aliyetawala nusu mwaka

Mombasa

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Uliniuliza kwa nini nilinyamaza tulipotoka katika jumba la makumbusho pale Mizingani, Zanzibar, lililokuwa kasri la masultani, nami nikakuahidi kwamba nitakujibu kwa maandishi nikishafika nyumbani.

Nilikuwa nikimtafuta Jamshid bin Abdullah. Tulipita vyumba vya babu yake, Seyyid Khalifa bin Harub, aliyekalia kiti tangu 1911 hadi 1960, tukaliona hata kabati lake la formika, lakini kuhusu mjukuu wake, sultani wa mwisho wa Zanzibar, sikuona cha kunifanya nisimame. Jambo hilo liliniuma, kwa kuwa ni yeye aliyebebeshwa hesabu ya ukoo mzima wa Busaidi, ukoo wa masultani wenye asili ya Omani, hesabu yenye mashamba ya karafuu na watumwa waliouzwa muda mrefu kabla hajazaliwa, ilhali yeye mwenyewe alitawala miezi sita na siku chache tu.

Alizaliwa Septemba 1929, akarithi kiti tarehe 1 Julai 1963 baba yake alipofariki. Mwezi huohuo ulifanyika uchaguzi ambao, kwa maoni yangu, ndio uliomwangusha kabla hajaanza: chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31, na serikali ikaundwa na vyama vya ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) chini ya Waziri Mkuu Mohamed Shamte. Jamshid hakuigawa mipaka ya majimbo, na kwa katiba ile madaraka ya kuendesha nchi yalikuwa ya waziri mkuu. Hata hivyo, mtu aliyepiga kura akaona wingi wa wenzake haukuhesabika, angemtazama nani kama si yule ambaye bendera ilipandishwa kwa jina lake? Sisemi haya ili kuwakosoa waliokuwa na uchungu. Uchungu wao ulikuwa na sababu.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na bendera nyekundu ya zamani ikawekwa duara la kijani lenye karafuu mbili katikati. Bendera hiyo ilidumu siku 33. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi yakaanza. Damu nyingi ikamwagika, naye akaondoka na jamaa zake katika meli iliyoitwa kwa jina la babu yake, Seyyid Khalifa.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu ni habari ya mji wangu. Meli ile ilielekea Mombasa, ikakataliwa kuteremsha abiria wake. Nawe unajua kuwa ukanda wa Mwambao, maili kumi kutoka baharini, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukiendeshwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895, hadi makubaliano ya Oktoba 1963 yalipouingiza moja kwa moja katika Kenya huru. Bendera yake nyekundu ilikuwa ikipepea juu ya Ngome ya Yesu hadi mwaka uleule. Mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Kenya, mtu yuleyule akawa mgeni asiyekaribishwa bandarini. Tangu nirudi nimekwenda mara mbili kusimama chini ya kuta za Ngome jioni, nikiutazama mlango wa bahari, na kila mara huwaza ile meli iliyokuwa ikisubiri jibu.

Akapitia Dar es Salaam, akapelekwa Uingereza akiwa na umri wa miaka 34. Huko aliishi Portsmouth, mji mwingine wa bandari, kwa zaidi ya miaka hamsini. Maombi yake ya kuhamia Omani yalikataliwa zamani, mpaka aliporuhusiwa mwaka 2020 akiwa mzee wa miaka 90 na ushei. Alifariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na miaka 95.

Pima mwenyewe: miezi sita ya kiti, na miongo sita ya kuitwa sultani wa zamani. Nimeona watu wakimwandika kana kwamba maisha yake yalikwisha pale melini, nami nadhani tunamdhulumu tukimwacha baharini. Makaburi ya watangulizi wake yako pembeni mwa lile jumba, tuliyaona kwa juu. Yeye hakurudi kulala nao.

Mama yako alikuwa msichana mkubwa mwaka ule wa mapinduzi. Nakuomba, akiwa na nafasi na moyo wa kusema, umuulize kama aliwahi kumwona Jamshid kwa macho yake, na uniandikie maneno yake kama atakavyoyatamka.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye