Dada, kuhusu Mjerumani na ile kanga

Dada shikamoo.

Naandika huku kwa sababu simu zangu hupokei na meseji zangu tangu ile sendofu zina tiki moja tu, na shemeji aliponinong'oneza kwamba huku unapitaga kusoma nikasema basi hukuhuku, wengine mtakaosoma mtanisamehe, haya ni ya nyumbani. Baba hajui kama naandika. Mzima, ni lile goti tu, unalijua.

Naanza na mbwa kwa sababu we ndo ulisema mbele za watu kwamba nimekununia kwa ajili ya mbwa. Sijakununia kwa ajili ya mbwa. Au tuseme nilikununia kwa ajili ya mbwa halafu yakaingia mengine, sijui.

Unakumbuka msimu ule wezi walivyokuwa wanaingia shambani na magunia, wanachuma machungwa usiku kama wamelima wao, na baba na umri ule akaanza kulala kwenye kibanda na tochi na panga, mtu ambaye hata jogoo wa sikukuu alikuwa anamchinjia mama. Nilikuwa natoka Tanga kila Jumamosi namkuta amekonda. Nyumba ilikuwa kimya mno, tangu arobaini ya mama yule mzee alikuwa anaongea na redio. Ndo nikasema mbwa. Baba akasema Muheza nzima hii mbwa wamejaa, okota mmoja. Mimi nikakataa, nikasema hawa wa mtaani ukimpa dagaa mwizi anakuwa rafiki yake, nataka jemani shepadi, yule wazee wanamwita alsesheni. Nilikuwa nimeshasoma mpaka basi, kwamba Mjerumani mmoja anaitwa Max von Stephanitz ndo aliyeianzisha mbegu hiyo mwaka 1899 kutoka kwenye mbwa wa kuchunga kondoo, yaani kipindi kilekile wenzake wako huku wanajenga reli ya Tanga. Baba alicheka sana. Ilikuwa mara ya kwanza anacheka tangu msiba na mimi nikaona hapo hapo, hiyo pesa itoke tu.

Yule mfugaji alikuwa huko kwenu, kutoka kwako ni daladala moja. 600,000 kwa dume moja, anasema wana wiki nane, wamechanjwa, karatasi za ukoo ziko Nairobi zinafuata. (Karatasi hizo mpaka leo zinafuata.) Nikakupigia dada yangu, nikakuomba kitu kimoja tu, nenda ukamwone mama yao. Nikakuandikia na sababu, kwamba hawa mbwa wana ugonjwa wa nyonga wa kurithi kwa hiyo angalia mama anatembeaje, kiuno cha nyuma kinayumba au vipi, angalia kama ni mwoga au mkali kupitiliza, angalia watoto wanalala kwenye nini, kuna harufu ya kuhara au hakuna, kadi ya chanjo ina ile stika ya kwenye chupa ya dawa au ni mwandiko wa kalamu tu. Ukanijibu kwa sauti, sekunde 14, bado ninayo. "Nimewaona mdogo wangu, mama yao jike kubwa hilo, masikio wima, manyoya yanang'aa. Tuma hela."

Nikatuma.

Jumamosi basi likaingia Muheza jioni, konda akanishushia boksi lenye matundu kama mzigo wa nyanya, na ndani yake kitu kidogo hivi kinatetemeka kimejikunja kwenye kanga. Baba alikuja stendi mwenyewe na lile goti. Akamtoa, akamwinua kichwani, akasema Mjerumani amerudi, safari hii kaja kwa basi. Jina likawa hilo.

Siku tatu, dada. Siku tatu nyumba ile ilikuwa na kelele. Baba alikuwa anamlalisha pembeni ya kitanda kwenye kanga ileile, anamwambia habari za magazeti, amemfundisha kukaa kwa kipande cha muhogo. Na we ukapiga simu Jumapili ukaongea na baba nusu saa nzima, baba anakushukuru wewe, sio mimi, anasema dada yako ana jicho la mifugo. Nikanyamaza. Nilifurahi hata.

Jumanne usiku akatapika. Nikajua ni uchovu wa basi, Jumatano nikampa dawa ya minyoo, Jumatano jioni akaanza kuhara damu na ile harufu, sijui niielezeje, mtu aliyewahi kuinusa anaijua na hatoisahau. Alhamisi nikamleta daktari wa mifugo kutoka Tanga mjini, karibu kilomita 40 kwa bodaboda. Akamfunua mdomo, akaangalia meno, akasema huyu wiki nane wapi, huyu wiki tano, sita kwa mbali. Akasema ni pavo. Kwamba hicho kirusi kinakula utumbo na kinakula uboho ambako damu inatengenezwa, na hakina dawa ya kukiua, unachoweza ni kumtundikia dripu asikauke maji na kumchoma sindano ili vijidudu vya tumboni visiingie kwenye damu, halafu unasubiri. Tulimtundika kwenye msumari wa kalenda. Baba alikaa sakafuni jikoni usiku kucha na sirinji isiyo na sindano, anamlowesha ulimi tone moja moja, nikimwambia baba kalale ananijibu mama yenu sikulala, nilale leo?

Ijumaa kabla ya adhana ya alfajiri kule msikiti wa chini, akafa.

Sasa niseme kidogo kwa anayetaka kununua papi wa mbali, maana kuna watu wataingia hapa kwa ajili ya hilo. Usinunue mbwa usiyemwona mama yake. Asiondoke kwa mama kabla ya wiki nane. Chanjo moja haitoshi, inaanza wiki ya sita mpaka ya nane halafu inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama inaizuia chanjo isifanye kazi, halafu kinga hiyo nayo inaisha, na hapo katikati papi anabaki hana hiki wala kile. Kabla hazijakamilika usimshushe chini mahali mbwa wengine wanapita. Kirusi hiki kinakaa kwenye udongo miezi, mwaka hata, sabuni hakiisikii, mpaka jiki. Na kama huwezi kwenda mwenyewe tuma mtu unayemwamini. Mimi nilituma mtu ninayemwamini. Nilifanya kila kitu kinavyotakiwa, nilisoma, niliandika orodha, nani mwingine anaandika orodha? Watu wananunua mbwa kwa picha.

Na ndiyo, najua utakachosema, maana shemeji kanifikishia, kwamba labda aliupatia huku. Kwamba jirani yetu alikuwa na watoto wa mbwa waliokufa wote mwaka ule ule, uani kwake, palepale wanapopita kuja kwetu. Ni kweli walikufa. Ni kweli Jumamosi ileile nilimshusha Mjerumani pale chini ya mwembe akojoe. Daktari alisema dalili zinaanza kuonekana siku ya tatu mpaka ya saba hivi, na nimeshahesabu kwa vidole mara nyingi usiku, hesabu inakubali kwako na inakubali kwangu. Lakini mtoto wa wiki tano dada! Hilo la wiki tano halina mjadala, hilo mtu akisimama pale na macho mawili analiona.

Basi tuje kwenye sendofu.

Sijui kama unakumbuka ulivyokaa, ulikuwa na shangazi kulia na yule mama wa Korogwe kushoto, kitenge cha njano, umependeza kweli, nilikuwa nakuja kukwambia umependeza. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi. Shangazi akauliza ule mbwa wa baba yenu uliishia wapi, nikasema alikufa shangazi, alikuja mgonjwa, nikasema hivyo tu, alikuja mgonjwa, sikutaja mtu. Ukaweka soda chini. Ukasema, "Watu wanazika watoto, huyu mwaka mzima analia mbwa, na mbwa wenyewe nilimtafutia mimi." Wakacheka. Yule mama wa Korogwe alicheka mpaka akajifuta macho. Na baba alikuwa nyuma yako dada. Hukumwona. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chako na fimbo yake, amekuja kukusalimia, akageuka akarudi kwenye turubai la wanaume.

Hicho ndicho siwezi. Nimejaribu. Ulivyonicheka mimi sawa, mimi mdogo wako, tangu zamani unanicheka. Lakini ule mgongo wa baba unavyogeuka.

Halafu ukaongeza, hata pumzi hukuvuta, "Na kanga ya mama niliyomfunikia iko wapi? Uirudishe." Nikakujibu ipo, ipo nyumbani Muheza, nitakutumia.

Usiku ule ule shemeji, na asilaumiwe maana alikuwa anapiga stori tu, akasema yule jamaa wa mbwa alitukuta stendi saa kumi na moja alfajiri, ametuchelewesha, baridi hiyo, mpaka dada yako akavua kanga yake akamfunika mtoto wa watu. Nikamuuliza kwa hiyo kwake hamkuwahi kufika? Akasema kwake wapi, wiki ile mtoto si alikuwa amelazwa, tulikuwa tunashinda hospitali. Akaona uso wangu akanyamaza.

Kwa hiyo hukwenda. Zile sekunde 14, masikio wima, manyoya yanang'aa, ulizisemea kwenye benchi la wodi ya watoto. Nimeisikiliza tena na kwa nyuma kuna mtoto analia, nilidhani ni nyumbani kwako. Kwa nini hukusema? Ungesema tu mdogo wangu siwezi, mwanangu anaumwa, ningekutumia wewe hiyo laki sita, Mungu anajua. Tangu mama afe umekuwa hivyo, kila kitu unaweza, kila simu unapokea unasema sawa sawa, halafu mtu anakuja kugundua baadaye. Na mimi sikuuliza, haya. Sikuuliza mtoto anaendeleaje kwa sababu sikujua kama anaumwa, na sikujua kwa sababu nilikupigia kwa ajili ya mbwa tu. Nauli ya kuja huko na kurudi ilikuwa kama elfu 50. Nilikuwa na laki sita ya mbwa nikaona elfu 50 ya basi nyingi, nikaona dada yupo, dada ataenda. Usidhani sijawahi kulipiga hesabu hilo.

Sasa kanga.

Haipo. Haikuwepo hata siku ile nilipokwambia ipo. Daktari alisema chochote kilichopata uchafu wa yule mbwa kiloweke kwenye jiki au kichome, na kuloweka ile kanga ya kisutu kwenye jiki ungeitoa rangi yote, ningebaki na kitambaa cheupe cha nini. Boksi, gunia, kanga, vyote nikavipeleka nyuma kwenye shimo la taka Ijumaa ile asubuhi. Na usiniulize kama nilijua ni ya nani. Nilijua tangu stendi. Ile pembe yenye tundu la pasi ya mkaa uliyoiunguza wewe, nikachapwa mimi, nisingeijua vipi? Nilijiambia atakuwa na nyingine, nikajiambia wewe ndo uliyeileta kwenye ugonjwa, nikajiambia daktari kasema. Mkono wenyewe ulikuwa na hasira, ndo ukweli. Niliwasha kiberiti kama nakuonyesha.

Baba alitoka na jembe la kumzikia Mjerumani akakuta inaungua. Aliisimamia mpaka ikaisha. Halafu akaniuliza, hilo boksi halikuwa na kipande cha pili? Nikasema hapana baba, kilikuja kimoja. Akasema basi kipo kwa dada yako. Akaenda kuchimba, chini ya mchungwa ule wa mpakani.

Ana mbwa sasa, nadhani hukuambiwa. Jike la mtaani, limekuja lenyewe, kahawia, sikio moja limelala. Safari hii nilihakikisha chanjo zote na ya kichaa pia, na kadi yake nimeigundisha nyuma ya mlango wa jikoni, baba ananicheka. Wezi analia nao vizuri tu. Dagaa hapokei kwa mtu zaidi ya baba.

Mtoto anaendeleaje? Shemeji anasema amerudi shule, niambie wewe.

Na kile kipande kingine cha kisutu, baba anakiulizia karibu kila Jumamosi. Usikitume kwa basi. Uje nacho mwenyewe akione, halafu urudi nacho, usiniachie mimi.

Mdogo wako.