Mume wangu haamini mitaala, nami nashindwa kumbishia

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzaliwa wa Tanga, naishi Nagoya na mume wangu Mjapani. Binti yetu yuko darasa la tatu shule ya serikali.

Baba yake anataka aanze juku Februari. Juku ni tuisheni, ila usifikirie ile yetu ya kukaa barazani kwa mwalimu. Ni miaka mitatu ya kujiandaa na mtihani wa kuingia sekondari ya binafsi, mtoto anatoka usiku, chakula cha jioni kakibeba mkobani. Ada ya mwezi inazidi hela ninazomtumia mama.

Sababu zake nazielewa. Mwaka 2002, yeye akiwa darasa la tano, serikali ilifuta masomo ya Jumamosi na kupunguza mtaala kwa karibu asilimia 30, eti watoto wapumue. Mwishoni mwa 2004 matokeo ya PISA, ule upimaji wa kimataifa, yakaonyesha Japani imeshuka, watu wakataharuki. Mtaala mnene ulirudi shule za msingi 2011, yeye keshamaliza zamani. Hadi leo akikosea kidogo kazini wakubwa wanamwita "yutori", yaani kizazi kilicholegezwa, na kumtania kwamba kwao pai, ile namba ya kukokotoa duara, ilikuwa 3 kamili. (Uongo, 3.14 ilikuwemo mtaalani, lakini nani anasikiliza?)

Basi kila badiliko analiona ni majaribio juu ya mwanawe. Tangu 2020 Kiingereza kinatolewa alama darasa la tano na la sita, somo la kuandika programu za kompyuta limeingizwa ndani ya masomo mengine, kila mtoto ana kishikwambi. "Wakigeuza tena," huniuliza, "hasara ataibeba nani?" Sina jibu.

Lakini binti anaipenda shule yake, hata zamu ya kuwapakulia wenzake chakula anaingojea kwa hamu. Na Jumamosi huongea na bibi yake kwa simu, Kiswahili cha kuungaunga, wanacheka mpaka simu inazima chaji. Akifika darasa la tano, juku itaichukua na hiyo Jumamosi.

Niliomba tusubiri mwaka mmoja. Akasema atakayechelewa hawapati tena wenzake. Wakwe wamenyamaza, na kimya cha huku nimeshajifunza kukisoma: mambo yakiharibika, mgeni ni mimi.

Shangazi, nikubali tu? Na kama ni kumbishia, nianzie wapi kwa mtu ambaye hofu yake ina ushahidi?

Mama wa Nagoya