Usininunulie pawa saplai ya bwerere

Shangani, Mtwara
Jumapili usiku

Swahiba Hamisi,

Salamu tele. Huku wazima, mama anauliza kama bado umekonda. Ningekuandikia zamani ila nakuonea haya: hela yako ya sikukuu bado ninayo, na barua yenyewe ni ya kuomba uninunulie vifaa vya kompyuta huko Kariakoo. Nivumilie.

Fedha za korosho zimeingia. Mzee kauza mnadani, na kwa vile mimi ndiye niliyepulizia salfa msimu mzima, kanikatia laki tisa. Naunda tena kompyuta ya gemu.

Usicheke. Ya mwaka jana unaijua: kesi, yaani boksi lake, ilikuja na pawa saplai ndani, kile kifaa kinacholisha kompyuta umeme, bure, nami nikajiona mjanja. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika. Uliporudi mara ya pili, pa! Chumba kizima harufu ya samaki aliyevunda. Ilikwenda na mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Nilipoifungua pawa saplai nikakuta koili mbili na uwazi mtupu, nyepesi kama boksi la viatu. Kibandiko kinasema wati 500! Gesi ya kuzalisha umeme ipo Mnazi Bay hapo jirani, taa zetu zinapepesa kama koroboi. Haya.

Shaweji ananisukuma ninunue mtumba wa ofisini, Dell OptiPlex, kisha nichomeke kadi ya grafiki, GTX 1650, kwa kuwa nyingi za aina hiyo zinakula wati 75 za kwenye sloti tu, hazihitaji waya wa ziada. Wazo si baya. Lakini picha aliyonitumia ni ile kesi nyembamba, kadi ya kimo cha kawaida haiingii, na pawa saplai yake ni ya umbo lake peke yake. Ikifa huku Mtwara nitaipata wapi? Na kadi za mtumba sina hamu nazo tangu ile "1050 Ti" iliyokuwa kadi ya zamani iliyobadilishwa jina.

Kwa hiyo nimeamua prosesa ya Ryzen 5 5600G. Ina grafiki ndani yake, kadi itasubiri korosho za mwakani. Ramu, ile kumbukumbu ya kazi, nataka mbili za GB 8, si moja ya 16, maana grafiki hiyo inaazima ramu, na zikiwa mbili njia inapanuka. Muuzaji akikwambia ni yale yale, mwitikie halafu chukua mbili. Mazabodi ni B450 au B550, ila B450 ni ya 2018 na prosesa ni ya 2021. Kama BIOS, ile programu ya kuiwashia bodi, ni ya zamani, haitawaka. Waambie waiwashe mbele yako, uone picha kwenye skrini. Kilomita 500 na ushee si za kurudisha boksi.

Pawa saplai sasa. Mashine yenyewe haitafika hata wati 200, najua, lakini nataka 450 ya kweli, Corsair au ya daraja lake, yenye alama ya 80 Plus. Alama hiyo ni ya kutopoteza umeme, si kinga, ila matapeli wengi hawajisumbui kuifuata. Ipime mkononi. Ikiwa nyepesi, iache hapo hapo, hata wakikupa na soda. Ikibidi kubana hela, punguza kwenye kesi. Hata ikiwa na mkwaruzo, nani ataiangalia? Stabilaiza nitaitafuta huku.

Chande anasema nimeingiwa na wazimu wa pawa saplai. Yeye hakuinusa ile harufu.

Sasa nijibu: Jumamosi utapata nafasi ya kushuka Kariakoo? Yule jamaa wa ghorofani bado yupo, au kahama? Nikutumie hela yote au nusu kwanza? Kondakta gani unamwamini asiiweke chini ya magunia? Na Somoe, mbona kimya, mmegombana tena?

Hela yako ya sikukuu ikate humo humo. Nauli ya daladala pia.

Wako,
Issa

Umeme umekatika tena. Namalizia kwa tochi ya simu.