Nguvu za farasi hazitoshi kukipima kichwa cha treni

Mhariri,

Kila vinaposhushwa bandarini vichwa vipya vya treni, magazeti hutuandikia bei na nguvu za farasi, yakaishia hapo. Naomba waandishi wenu waulize jambo moja zaidi: kila ekseli inabeba tani ngapi?

Reli haielemewi na kichwa kizima kwa pamoja, bali na uzito unaoshuka kwenye kila jozi ya magurudumu. Kichwa cha tani 96 chenye ekseli sita hukandamiza kwa tani 16 kila ekseli. Kingekuwa na ekseli nne zingekuwa tani 24, mzigo wa kuchosha reli za chuma chembamba na madaraja ya zamani. Ndiyo maana Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lilipoanza kuipa mvuke kisogo miaka ya 1960, lilinunua Uingereza vichwa vya dizeli vya English Electric vyenye ekseli nane. Kila bogi, yaani fremu ya chini inayoshika magurudumu, ilikuwa na ekseli tatu zenye mota ya umeme ya kuzizungusha na moja isiyo na mota, ambayo kazi yake ilikuwa kupokea uzito tu.

Ufumbuzi huo, ambao mimi nauona wa busara, una hasara yake. Uzito uliokaa kwenye ekseli isiyo na mota hausaidii magurudumu kung'ata reli, na hasara hiyo hujitokeza hasa mlimani wakati wa mvua, dereva anapolazimika kumwaga mchanga ili magurudumu yasizunguke bure. TAZARA, yenye mpando mkali kati ya Mlimba na Makambako, ilijengwa imara zaidi, hivyo hustahimili ekseli nzito zaidi. Vichwa vyake vya kwanza kutoka China, vya haidroliki, yaani vilivyopeleka nguvu magurudumuni kwa majimaji badala ya mota za umeme, vilipolemewa na mpando huo, miaka ya 1980 vililetwa vya aina ya U30C, ambavyo ekseli zake zote sita zina mota.

Wapo wanaohoji kwa nini njia hizi mbili zisiazimane vichwa kwa kubadilisha bogi, kwa kuwa Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 na TAZARA 1,067. Tofauti ya upana ndiyo nyepesi kuitatua, kwani bogi ikishabadilishwa, injini, jenereta na tangi la mafuta hubaki na uzito ule ule, na reli iliyo dhaifu zaidi itaelemewa vile vile.

Basi siku vichwa vingine vya dizeli vitakapopokelewa, gazeti lituchapishie uzito wa ekseli na majina ya njia ambazo vimeruhusiwa kupita.

Msomaji wenu,
Buguruni, Dar es Salaam